Siku Baba Alipoacha Kukagua

Madereva wa bodaboda wa mtaani kwangu wananiita Mama Mkaguzi, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Kabla sijapanda nainama kuangalia tairi, nabonyeza breki, naulizia helmeti, na nikiona mnyororo umelegea naenda zangu kwa miguu. "Mama, kwa mtindo huu tutafika kesho," wananiambia. Nawajibu kwamba kesho si mbali. Wanacheka, nami nacheka kidogo, maana siwezi kuwaeleza vijana wa watu asubuhi yote ile kwamba kukagua nimejifunza kwa kuchelewa, na kwamba nilipochelewa aliyeumia hakuwa mimi.

Mwaka huu tumemzika baba. Baada ya arobaini, watu walipokwisha kutawanyika na masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, mdogo wangu Somoe alitoka chumbani kwa marehemu na kopo mkononi. Lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cha buluu kilichokuwa zamani mguu wa ovaroli. Sikuuliza ni kopo gani. Harufu ilimtangulia mlangoni, ile ya grisi ya zamani inayokaa kooni kama dawa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto waliomaliza shule, nimekaa kwenye mkeka nyumbani kwetu Milola, na papo hapo nikawa na miaka kumi na mmoja.

Nikiwa na miaka hiyo tuliishi Lindi mjini, kwa sababu baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Wenzangu wa rika langu wanazikumbuka siku zile. Madukani zilianza kuonekana sabuni za kila rangi, watu wakavaa mitumba ya kupendeza, na watu wazima wakajifunza neno jipya, ubinafsishaji, wakawa wanalitamka kwa sauti ya chini kama wanavyotamka jina la ugonjwa. Kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi wakaambiwa wamsubiri mwekezaji. Mimi sikujua mwekezaji ni nini. Nilidhani ni mashine, kubwa kuliko zote, itakayoshushwa kwa meli, na kwamba baba ndiye atakayeifunga kwa sababu hakukuwa na fundi mwingine duniani.

Baba alisubiri akiwa amevaa ovaroli. Kila asubuhi, akishasali na kunywa chai ya rangi kwa muhogo, alilivaa ovaroli lake la buluu, akatia spana mfuko wa nyuma, akakaa kibarazani akitazama njia. Mama alifagia akipitisha ufagio chini ya miguu yake. Siku moja alimwambia, "Mume wangu, nipe hilo ovaroli nilifue, hata mara moja tu."

"Na wakija leo?" baba akauliza.

Mama aliendelea kufagia, na mimi nikamwona mama ni mtu mbishi asiyeelewa mambo ya kazi.

Katika kusubiri kule ndipo baba alipotutengenezea gari. Wavulana wa mtaani walikuwa na magari yao ya beringi, mbao mbili na misumari iliyopinda, wakishuka nayo mteremko wa tangini, penye tangi la maji, kwa kelele za kuwaamsha wagonjwa. Letu halikuwa la namna hiyo. Baba alilichongea bodi ya mninga, akalitia beringi nne chakavu alizopewa kiwandani siku ya mwisho ziwe magurudumu, akafunga ekseli ya mbele kwa boliti moja nene yenye nati mbili, ya pili ikiizuia ya kwanza isilegee. Usukani ulikuwa kamba ya katani. Breki ilikuwa mti uliopigiliwa kipande cha tairi, ukiuvuta tairi linasugua lami. Mchana tulibebea madumu ya maji kutoka bombani, na jioni, kazi zikiisha, ndipo tulipopanda.

Jirani mmoja alipita akasimama kutuangalia. "Fundi, hao si watoto wa kike? Wakivunjika viuno nani atawaoa?"

"Nati haijui mke wala mume," baba alimjibu bila kuinua kichwa. "Ikilegea inamwangusha yeyote."

Nilimpenda sana baba siku ile. Nampenda mpaka leo kwa neno lile peke yake.

Lakini hakuturuhusu kupanda mpaka akague, na ukaguzi wake haukuwa wa kuangalia kwa jicho moja. Aliandika kwa chaki juu ya mlango wetu USALAMA KWANZA, kama ilivyoandikwa ukutani kiwandani, kisha kila siku alilipindua gari miguu juu, akapitisha spana kwenye kila nati, akaivuta kamba kwa uzito wake wote, akalitazama tairi la breki kama limeisha. Baada ya gari alitukagua sisi. Raba miguuni, hakuna kupanda pekupeku. Mtandio uchomekwe ndani ya gauni, maana nguo ikiingia kwenye beringi inamvuta mtu shingo. Mimi nikae mbele nishike kamba kwa kuwa nilikuwa mkubwa, Somoe akae nyuma ashike breki, na tusibadilishane, hata kwa dakika moja, hata kwa kulia. Mwisho alizungusha magurudumu moja moja na kutuita tusogeze masikio.

"Sikilizeni," alisema. "Beringi nzima inanong'ona. Ikianza kusaga meno, imeingia mchanga, ioshwe kwa mafuta ya taa na ipakwe grisi. Na ikinyamaza kabisa, iogopeni zaidi."

Hayo mawili ya kwanza niliyashika vizuri. La tatu liliniingia sikio hili likatokea la pili.

Kazi ya kupaka grisi alinipa mimi. Ilikuwa kwenye kopo dogo la kiwandani, ya rangi ya asali iliyokaa sana, nami nilichota kwa ncha ya kidole, kiasi cha punje ya mahindi, nikaisukuma katikati ya gololi huku baba akinitazama mkono. Somoe alikuwa na miaka minane na hakuweza kukaa kimya wala kukaa tu. Alikuwa na mbio za ajabu. Shuleni waliacha kumshindanisha na wasichana wakamweka na wavulana, na huko nako aliwaacha. Wakati mimi napaka grisi yeye alikuwa ameshakwenda mpaka tangini na kurudi, anahema, anauliza, "Bado tu?"

"Bado," baba alisema. "Haraka yako itakungoja."

Siku moja nilimuuliza, "Baba, utakagua mpaka lini?"

Alifikiri kidogo, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Siku nitakayoacha kukagua, ujue wewe umekuwa fundi."

Nililichukua neno hilo nikalificha moyoni. Nikawa nalala nalo.

Kisha zikaja lori. Zilipita mfululizo barabara kubwa, zimefunikwa maturubai, na baba akaondoka kibarazani kuzifuata kwa miguu. Mimi na Somoe tulizipungia mikono. Nilijua ni nini kile: mwekezaji amefika! Aliporudi adhuhuri sikuona furaha usoni mwake, lakini nilijieleza kwamba mtu akifurahi sana huchoka. Alivua ovaroli, akalitundika kwenye msumari ndani. Akakaa kibarazani, safari hii amegeuzia mgongo njia na uso ukutani. Miaka mingi baadaye mama ndiye aliyeniambia kwamba chini ya maturubai yale zilikuwa mashine za baba, zimekatwa vipande, zinapelekwa kuuzwa vyuma chakavu. Siku ile hakuna aliyeniambia kitu.

Asubuhi iliyofuata nilipindua gari nikasubiri. Hakuja. Nikaenda kibarazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, gari."

"Nendeni," akasema, akiutazama ukuta.

Nilikimbia kurudi uani nikamshika Somoe mabega. "Nimekuwa fundi!" nilimwambia. "Baba ameacha kukagua." Tukaruka ruka pale kama vichaa. Nikikumbuka kuruka kule naona aibu kuliko kwa yote mengine. Baba yetu alikuwa amekufa robo tatu, hatua kumi kutoka pale, nasi tunashangilia.

Niliifanya kazi ya ufundi kwa bidii siku kadhaa. Nilipitisha spana, nilivuta kamba, nilikagua mpaka kucha za Somoe. Kisha grisi ikaisha. Nilikwangua kopo kwa kijiti mpaka likang'aa. Fundi kamili angekwenda kwa mkubwa wake akasema, grisi imekwisha. Mimi nilimwangalia baba na ule mgongo wake, nikaona ufundi wangu una siku nne tu, nikiuliza nitanyang'anywa. Nikaamua kujitafutia.

Nilijua pa kwenda. Nyuma ya kiwanda, upande wa mikoko, waliacha mapipa ya mafuta ya maganda ya korosho, meusi mazito, yanavuja polepole chini. Sisi watoto wa kusini hakuna asiyeyajua mafuta yale. Ukichoma korosho ovyo yanakurukia na ngozi inababuka wiki nzima. Lakini tangu nikiwa mdogo sana nilimwona baba akirudi kutoka kazini na mikono imepakaa weusi huohuo, imechunika viganjani, na mama akimpaka mafuta ya nazi. Nikawa nimejiwekea kichwani kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akipaka mashine, kwamba grisi ya kopo ilikuwa ya watoto na ile ya mapipa ilikuwa ya mafundi wenyewe. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, na nilijifundisha vizuri.

Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, nikachota nusu ya kifuu, nikarudi kwa kupitia nyuma za nyumba. Nilizipaka beringi mbili za mbele, ya kushoto ikapata zaidi. Tone moja liliteleza chini ya nailoni likaniunguza kifundo cha mkono. Sikulia. Niliona ni alama ya kazi, nami sasa nina mikono kama ya baba. Gari nikaliacha juani siku mbili, kwa kuwa maji tuliletewa na mama mdogo, na jua la Lindi mnalijua.

Siku ya tatu nilikagua. Nati sawa, kamba sawa, breki sawa. Nikazungusha gurudumu la kushoto. Lilizunguka kwa uzito, mara moja na nusu, likasimama. Niliinamisha sikio. Halikunong'ona, halikusaga meno, lilikuwa kimya. Nikafurahi, kwani nilidhani grisi ya mafundi haina kelele.

Juu pale tangini Somoe alinigeukia. "Dada Zena, leo niache mimi mbele."

"Baba amekataza."

"Si wewe ndiye fundi sasa?"

Aliniuliza akitabasamu, mtandio umechomekwa ndani ya gauni kama inavyotakiwa, raba zimefungwa vizuri. Alikuwa amefuata kila kitu. Ningesema hapana angenuna mpaka chini ya mteremko kisha angesahau. Nikasema, "Haya, panda."

Tulishuka. Mwanzo gari lilikuwa zito, nikalisukuma kwa mguu. Katikati likashika kasi, na Somoe akapiga kigelegele. Ndipo gurudumu la kushoto lilipokwama. Halikupunguza mwendo kwanza, lilisimama tu, kama mtu aliyeshikwa mguu, na gari zima likajizungusha juu yake. Nilivuta breki kwa nguvu zangu zote. Mimi nilirushwa kwenye majani. Somoe alikwenda na gari mtaroni, na pale palikuwa na kalavati la saruji, na mguu wake wa kulia ulikuwa kati ya bodi ya mninga na kalavati. Nilisikia sauti nisiyoweza kuiandika. Yeye mwenyewe hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, mguu umekaa vibaya," kwa sauti ya kunijulisha.

Baba alikuja akikimbia, ana msuli tu kiunoni. Alimtoa Somoe, akampakata, na wakati anamwinua nilimwona akiliangalia gari, kisha gurudumu, kwa muda mfupi sana.

Hospitali tulikaa kwenye benchi la nje, mama ameingia ndani na mgonjwa. Baba aliuchukua mkono wangu akaugeuza. Baka lilikuwa limeiva, jeusi pembeni na jekundu katikati.

"Umeungua na nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Nikasema, "Nilikuwa nachoma korosho, baba."

Aliendelea kuushika mkono. Kisha akavuta upindo wa khanga niliyojitanda, akalifunika lile baka taratibu.

"Haya," akasema.

Nilimshukuru Mungu kwamba ameniamini. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kumshukuru Mungu kwa jambo kama hilo.

Mama alipotoka, macho mekundu, alisimama mbele ya baba palepale. "Limekuwaje gari? Si unalikagua?"

"Sikukagua," baba akajibu. "Kosa langu."

Aliwaambia hivyo na majirani, na ndugu waliokuja kutoka Milola, na kila aliyeuliza. Sikukagua, kosa langu. Nilikuwepo mara zote. Nilipeleka chai, nikapokea vikombe. Mfupa wa Somoe uliunga kwa kupinda, goti likakataa kukunja, na yule mtoto aliyeshindanishwa na wavulana akawa anafika shule wenzake wameshaketi. Hakuwahi kunilaumu. Hata wimbo hakuacha kuimba, lakini aliimba akiwa amekaa.

Mwaka uliofuata tulihamia Milola, baba akalima ufuta na mihogo, spana hakuigusa tena. Watu walimletea baiskeli na mashine za kusaga, akawaelekeza kwa mafundi wengine. Miaka ikapita, akaja mtu kumtafuta. Kuna mwenye kiwanda kipya, alisema, anawataka mafundi wa zamani, jina lako limetajwa la kwanza. Nilikuwa nimerudi likizo. Nilimwona baba akinyoosha mgongo kwenye kiti, mara moja, kama aliyeitwa na mtu wa mbali. Kisha akaulegeza.

"Mtu aliyeshindwa kukagua gari la watoto wake hapewi mashine," alimwambia mgeni. "Mtafute mwingine."

Nilisimama mlangoni na sinia. Lilikuwa neno moja tu la kusema. Ningemwambia kwamba beringi niliziharibu mimi, huenda angekwenda, huenda asingekwenda, lakini angechagua akijua. Nikaweka sinia, nikamkaribisha mgeni chakula.

Sasa ameshalala kaburini, na Somoe amekaa kando yangu kwenye mkeka, mguu ameunyoosha, kopo kaliweka kati yetu.

"Fungua," akasema.

Nilifungua kitambaa, nikafungua kifuniko. Grisi ilikuwa imepakwa pembeni tu, ya kuzuia kutu. Katikati ilikaa beringi moja. Gololi zake zilikuwa zimezama ndani ya kitu cheusi kilichokauka kikawa kigumu kama lami. Nilijaribu kuizungusha kwa kidole, haikusogea. Niliinusa. Chini ya harufu ya grisi ilikuwapo nyingine, kali, ambayo fundi aliyefanya kazi kiwanda cha korosho miaka mingi asingehitaji kuinusa mara mbili.

"Alinionyesha nilipokuwa msichana, kabla sijaolewa," Somoe akasema. "Akaniambia nisikuulize. Alisema, dada yako atasema mwenyewe, tumpe muda."

Uani kuku walikuwa wanagombea ukoko. Somoe alikuwa ananitazama, bila hasira, akisubiri, na nilimwona baba machoni mwake, baba na lile benchi la hospitali. Nikafungua mdomo.

"Hii inataka kulowekwa kwenye mafuta ya taa," nikasema. "Ikikaa siku mbili tatu italainika."

Somoe alishusha macho kwenye mkono wangu, pale penye baka. Akavuta upindo wa khanga yangu akalifunika.

"Haya, dada," akasema. Akashika ukuta, akainuka kwa taabu, akaenda kutafuta mafuta ya taa.